Dakika 11 za katuni, wiki nzima ya masomo: mwongozo wa kutumia Tinga Tinga Tales nyumbani

Likizo moja ya Juni mwanangu mkubwa, wakati huo yuko darasa la nne, aliandika kwenye daftari la Kiswahili: "Twiga ndefu anakula majani." Nikamwambia arekebishe. Akafuta "ndefu", akaweka "mrefu". Vizuri, na shingo yake je? Akaandika "shingo yake mrefu". Tuligombana na hilo neno moja karibu robo saa, mpaka mdogo wake akachungulia kutoka sebuleni: "Mama, zamani twiga alikuwa na shingo fupi. Nimeona kwenye katuni."

Dada yake akaacha penseli. "Muongo wewe!"

Ubishi ulioanza pale ulichukua wiki nzima. Ulipoisha, tulikuwa tumegusa Kiswahili, sayansi, hesabu, jiografia, historia na uchoraji, na hakuna aliyelalamika kwamba likizo yake imeliwa na masomo. Tangu hapo nimelirudia zoezi hilo likizo baada ya likizo, na mengine nimeyaharibu. Yafuatayo ni yale yaliyofanya kazi.

Chagua katuni inayodanganya vizuri

Mzazi akitaka televisheni imsaidie kusomesha, kwa kawaida hutafuta kipindi cha elimu. Si vibaya. Ubongo Kids, inayotengenezwa Dar es Salaam na iliyoanza kuonyeshwa mwaka 2014, inafundisha hesabu na sayansi kwa Kiswahili, na nyimbo zake hazitoki kichwani. Tatizo ni kwamba kipindi cha namna hiyo kimeshamaliza kazi. Swali limeulizwa, jibu limetolewa, wimbo umeimbwa, na mzazi anabaki kurudia yaliyokwisha kusemwa. Mimi natafuta kipindi kilichoacha pengo.

Tinga Tinga Tales ina pengo, tena pana. Ni katuni 52 za dakika 11 hivi kila moja, zilizotengenezwa Nairobi katika studio ya Homeboyz kwa kushirikiana na kampuni ya Uingereza ya Tiger Aspect, zikaanza kuonyeshwa mwaka 2010 kwenye CBeebies, chaneli ya watoto ya BBC. Kila kipindi kina swali moja la mnyama mmoja: kwa nini tembo ana mkonga, kwa nini gamba la kobe lina nyufa, kwa nini popo hulala kichwa chini, kwa nini mbu hupiga kelele. Majibu ni ya ngano, ya kubuni kabisa, na hapo ndipo utamu wake ulipo kwa mzazi. Mtoto anaingia kwa swali la kweli na anatoka na jibu la uongo. Kazi yako ni kukaa katikati ya hayo mawili na kuuliza: hadithi imesema hivi, je, ni kweli?

Usiogope kwamba utamvunjia mtoto hadithi. Wazee wetu walilimaliza hilo zamani. Msimulizi akisema "Hadithi! Hadithi!", tunaitikia "Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea." Uongo unakaribishwa kwa jina lake tangu mwanzo, na hakuna aliyekataa kusikiliza kwa sababu hiyo.

Usipoipata hii, chukua mfululizo wowote wenye swali moja linaloeleweka kila kipindi. Usitumie ule ambao hadithi moja inapita vipindi 20. Watoto watataka kujua kesho kutatokea nini, na hutawashika.

Nusu saa yako peke yako

Angalia kipindi kabla ya watoto, wakiwa wamelala, ukiwa na kalamu. Andika vitu vitatu tu. Kwanza, dakika na sekunde ambapo jibu linakaribia kutolewa. Hapo ndipo utasimamisha. Pili, kitu kimoja kinachopimika kwa rula, kamba, mizani au saa. Tatu, kitu kimoja ambacho wewe mwenyewe hukijui. Hicho cha tatu usikiruke. Mtoto akiona mama naye anatafuta jibu, anashika mambo tofauti kabisa na anapoona mama anamtega.

Nasema vitatu kwa sababu mara ya kwanza niliandika maswali 20, nikayachapa kazini na kuyagawa kama mtihani. Tulifika swali la sita. Mkubwa akaniuliza kwa adabu zote: "Mama, tunaweza kuangalia tu?" Zile karatasi zilikwenda kuwashia jiko.

Si kila mnyama ana wiki ndani yake. Twiga, mbu, kobe, bundi na heroe (wengi tunamwita flamingo) wana mengi. Simba na kuunguruma kwake nilishindwa. Watoto waliunguruma siku mbili mfululizo, jirani akaja kuuliza kama kuna usalama.

Kuangalia mara mbili, si zaidi

Mara ya kwanza waache waangalie bila maneno yako, isipokuwa pale ulipoweka alama. Hapo bonyeza rimoti, simamisha picha, uliza: "Unadhani itakuwaje?" Kila mtoto ajibu kabla hujaendelea, na andika majibu yao yalivyo, bila kusahihisha. Karatasi hiyo ibandike ukutani au kwenye friji. Itahitajika.

Mara ya pili, zima sauti kabisa. Tinga Tinga Tales asili yake ni Kiingereza, na kwa watoto wangu hilo lilikuwa gumu mwanzoni, mpaka nikagundua kwamba ndiyo zawadi yenyewe. Picha zinapita kimya na mtoto anasimulia kwa Kiswahili kinachotokea. Lazima achague neno haraka, lazima afuate mtiririko, na hawezi kunakili alichosikia kwa sababu alikisikia kwa lugha nyingine. Kwa wale wanaolea watoto Muscat, London au Minneapolis, ambako Kiswahili cha mtoto kinazidi kukonda kila mwaka wa shule, zoezi hili moja lina faida kuliko mengine yote kwenye mwongozo huu. Mrekodi kwa simu. Mtumie bibi yake.

Kisha zima televisheni. Kipindi kimoja kwa wiki. Ukiruhusu cha pili "kwa sababu wamekuwa wazuri", swali la kwanza linafutika. Nimelijaribu hilo na nimelijutia.

Mnyama mmoja, ngeli karibu zote

Sasa turudi kwenye lile neno lililotugombanisha. Mchore twiga kwenye karatasi, hata vibaya. Kisha mtoto aandike kivumishi "-refu" pembeni ya kila kiungo:

Twiga mrefu, twiga warefu. Shingo ndefu. Mkia mrefu, mikia mirefu. Ulimi mrefu, ndimi ndefu. Sikio refu, masikio marefu. Kichwa kirefu, vichwa virefu.

Mwanangu alipomaliza alikaa akiangalia ile picha, kisha akasema, "Kumbe twiga ni mrefu kwa sababu anapumua." Sijawahi kuona kitabu kikieleza vizuri hivyo. Twiga kama jina lingekaa pamoja na nyumba na ngoma, lakini kwa kuwa ana uhai anahamia kwa watu: twiga amekuja, twiga wamekuja. Shingo yake haikupewa heshima hiyo, inabaki ndefu. Tembo naye ni mzuri kwa zoezi hili kwa sababu ya mkonga na pembe: mkonga mrefu, pembe ndefu, tembo mrefu, zote ndani ya sentensi moja. Mtoto akikosea usimpe kanuni; mwambie aweke kidole kwenye kiungo anachokisema.

Je, ni kweli?

Hii ndiyo siku yenyewe. Toa ile karatasi ya friji, someni majibu yao, kisha someni jibu la katuni, na uliza ni lipi linaweza kupimwa.

Kwa twiga tulianzia shingoni mwetu. Inamisha kichwa, pitisha kidole nyuma ya shingo kuelekea mgongoni mpaka uguse pingili iliyochomoza kuliko nyingine. Kwa watu wengi hiyo ni ya saba, na ndiyo ya mwisho ya shingo. Waulize watoto twiga ana ngapi. Wangu walikisia 30, mwingine 100. Ana 7, idadi ileile kama yako wewe, ila kila moja inaweza kuzidi sentimita 25. Chukua rula ya shule, ile ya sentimita 30, uiweke nyuma ya shingo ya mtoto ili aone pingili moja ya twiga inavyomfunika shingo yote na kushuka mgongoni. Mwanangu mdogo hakuamini. Alitaka aende akahesabu mwenyewe mbugani Mikumi.

Halafu moyo. Wa twiga mkubwa hufikia kilo 11 hivi. Wa mtu mzima ni gramu 300 hivi. Nilichukua mfuko wa sembe wa kilo 10, nikaweka juu yake paketi ya sukari ya kilo 1, nikamwambia kila mmoja akumbatie "moyo". Upande wa pili niliweka maembe mawili madogo. Hesabu ya 11,000 gawanya kwa 300 ilijileta yenyewe.

Kwa nini moyo wote huo? Hapa nilihitaji mpira mwembamba mwangavu, ule ambao fundi ujenzi hupimia levo kwa maji. Duka la vifaa vya ujenzi watakukatia mita 3. Ukunje uwe kama herufi U, ncha zote mbili juu, mimina maji yenye rangi kidogo (nilitumia maji ya rosella) mpaka nusu. Watoto wataona maji yanasimama kimo kimoja pande zote mbili. Pandisha ncha moja juu ya kichwa chako: maji hayapandi nayo, yanabaki palepale yalipo sawa na mwenzake. Sasa mtoto apulize upande mmoja. Maji yanashuka kwake, yanapanda upande wa pili. Mwenzake apime haraka tofauti ya kimo kati ya pande hizo mbili. Mkubwa alifika sentimita 46, mimi 60 na macho yakanitoka. Kutoka moyoni hadi kichwani mwa twiga ni kama mita 2, na damu inapanda hapo mchana na usiku bila kupumzika. Ndiyo maana presha yake ya damu ni kama mara mbili ya yetu. Osha ncha ya mpira kila mtoto anapobadilishana, na fanyieni uani, si juu ya zulia.

Mtoto akiuliza, basi shingo ilirefuka kwa nini, mwambie ukweli: wapo wanasayansi wanaosema ni kwa ajili ya kufikia majani ya juu, wapo wanaosema ni madume kupigana kwa shingo, na ubishi haujaisha. Wangu walifurahi sana kusikia watu wazima wenye shahada bado wanabishana kuhusu jambo ambalo katuni ililimaliza kwa dakika 11.

Na swali la dini litakuja. Kwetu lilikuja kwa mtoto wa mdogo wangu, wa miaka minne: "Si Mungu ndiye aliyempa?" Nilimjibu ndiyo, na sasa tunaangalia alivyompangia mifupa. Kila nyumba ina jibu lake. Liandae mapema usije ukababaika.

Hesabu isiyolazimishwa

Kosa la wazazi wenye ari, mimi nikiwa wa kwanza, ni kuchomeka hesabu kila mahali: "Kima wamekuja watatu, wakaondoka wawili..." Mtoto anainusa mbali. Subiri mahali ambapo jambo haliwezekani bila hesabu.

Kwa twiga mahali hapo ni karatasi. Twiga dume hufikia mita 5.5. Mwanangu alitaka kumchora "mkubwa wa kweli" kwenye karatasi ya kawaida ya A4, ambayo urefu wake ni sentimita 29.7. Tukaingia kwenye skeli. Tulijaribu 1 kwa 10, twiga akatoka nje ya karatasi kwa kichwa na shingo yote. 1 kwa 20: sentimita 550 gawanya kwa 20, anakuwa 27.5, anaingia na nafasi ya kwato inabaki. Kisha tukaweka vingine kwa skeli hiyohiyo. Mlango wa mita 2 ukawa sentimita 10. Mwanangu mwenyewe, sentimita 128, akawa 6.4. Mama, 162, akawa 8.1. Na mtoto wa twiga siku ya kuzaliwa, mita 1.8, akawa 9. Kicheko kilipoisha walitambua walichokichora: kichanga kilichomzidi mama yao kimo.

Kabla ya kuchora, nyoosha kamba ya mita 5.5 uani ili wajue wanapunguza nini. Yetu ilitoka mlango wa jikoni ikapita bomba la maji.

Bundi ni wa nyuzi. Anageuza kichwa hadi nyuzi 270, pembe mraba tatu. Simameni katikati ya chumba, mabega yasitikisike, mtu ageuze kichwa. Wengi wetu tunaishia karibu na pembe mraba moja. Bundi ana pingili 14 za shingo, na mtoto aliyekwishakutana na 7 za twiga atasema mwenyewe kwamba urefu wa shingo na wingi wa mifupa ni mambo mawili. Kipindi cha bundi kilileta pia mazungumzo ambayo sikuyapanga, maana dada wa kazi alikataa kukaa sebuleni. Bundi akilia juu ya paa, kwao ni taarifa ya msiba. Hatukumcheka. Tulimwomba asimulie, kisha tukasoma kwamba bundi anakula panya, na mwisho wa siku kila mtu alibaki na msimamo wake, ila mkubwa aliandika ukurasa mzima wa insha bila kusukumwa.

Rangi za baiskeli

Jina la katuni hizi halikutoka hewani. Watoto wa Dar wakisikia tingatinga wanafikiria trekta, na wangu walishangaa kusikia ni jina la mtu: Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa mwaka 1932 wilayani Tunduru. Alifanya kazi kwenye mashamba ya mkonge Tanga, akaenda Dar es Salaam, na mwaka 1968 hivi akaanza kuchora wanyama kwenye vipande vya silingi bodi kwa rangi ya baiskeli, picha zikauzwa nje ya maduka ya Morogoro Stores, Oyster Bay. Miaka minne baadaye, 1972, alipigwa risasi na polisi waliomdhania mhalifu. Ndugu na wanafunzi wake waliendeleza mtindo, na mwaka 1990 ukaundwa ushirika wao, Tingatinga Arts Cooperative Society.

Kifo chake sikuwaambia wadogo. Mkubwa nilimwambia, akanyamaza, halafu akauliza kama waliomba msamaha.

Kwa mtoto wa miaka tisa kwenda juu hayo ni historia na jiografia pamoja. Tandaza ramani ya Tanzania, funga uzi kutoka Tunduru kwenda Tanga, kutoka Tanga kwenda Dar. Muulize kwa nini mtu wa kusini alikwenda kukata mkonge kaskazini, na mkonge huo ulikuwa unakwenda wapi. Kama una mzee aliyefanya kazi mashambani huko, mpigie simu siku hiyohiyo.

Kuchora kwenyewe kuna mpangilio, na watoto wakiuvuruga picha inaharibika. Boksi la bidhaa linatosha badala ya silingi bodi. Paka rangi moja tu uso mzima, iache ikauke kabisa. Ndipo umweke mnyama, mkubwa, ajaze karibu boksi lote, bila nyasi na milima nyuma. Akauke tena. Mwisho madoa na mistari, kwa kijiti cha kiberiti au kichwa cha msumari. Rangi ya mafuta ndiyo inayotoa ule mng'aro, lakini harufu yake na thina havifai kwa watoto, kwa hiyo tulitumia rangi za maji za shule, na zilipokwisha tukachanganya manjano na mkaa uliosagwa kwenye uji mwepesi wa wanga. Manjano hayatoki kwenye nguo. Valisheni mashati ya zamani.

Hesabu moja ya fundi ikae hapa: silingi bodi ya futi 4 kwa 8 ikikatwa vipande vya futi 2 kwa 2, vinatoka vingapi? Uliza bei ya bodi mtaani kwenu, mtoto apange bei ya picha moja ili mchoraji apate faida baada ya rangi.

Wiki ya mbu, kwa wenye nafasi ndogo

Kama hamna uwanja wala mpira wa fundi, anzeni na mbu. Yupo tayari, bure.

Ile kelele ni mabawa yake, yanayopiga mamia ya mara kwa sekunde. Shika rula ukingoni mwa meza, iachie itetemeke, kisha fupisha sehemu iliyo nje: inatetemeka haraka zaidi na sauti inapanda. Mbu yuko kwenye mwisho huo wa kasi. Anayeuma ni jike peke yake, kwa sababu anahitaji damu kutengeneza mayai. Dume anaishi kwa utomvu wa maua. Wavulana wangu walichukua habari hiyo kama ushindi.

Kisha zungukeni nyumba na daftari. Kila mahali penye maji yaliyotuama: vifuu, matairi, makopo, sahani za chini ya maua, tangi lisilo na mfuniko. Andikeni idadi, chora grafu ya mihimili, mwageni kila kinachomwagika, na rudieni baada ya siku saba, kwa sababu yai la mbu linaweza kufika mbu kamili kwa muda kama huo kukiwa na joto. Grafu mbili ubavu kwa ubavu. Waeleze kwamba wa vikopo mara nyingi ni yule wa dengue, anayeuma mchana, na wa malaria huuma usiku, ndiyo kazi ya chandarua. Mambo haya wanayasikia shuleni kila mwaka, lakini kuhesabu vifuu 14 vya nyumbani kwao wenyewe kuliwachoma zaidi.

Watoto wa umri tofauti

Usitafute kazi tofauti kwa kila mmoja, utachoka Jumanne. Kazi moja, mikono tofauti: wa miaka minne ashike ncha ya kamba na kuweka madoa, wa sita ahesabu na kusimulia, wa tisa apime na kuandika, wa kumi na mbili atafute jibu na awafundishe wengine. Huyu wa mwisho usimlazimishe akae chini kuangalia "katuni za watoto". Mpe kazi ya kukamata makosa. Wazazi wa Kenya mliozoea kazi za CBC (mtaala wa umilisi) za kuletwa nyumbani saa moja usiku, mtaona kwamba kwa namna hii vifaa vinatoka jikoni na hakuna mtu anayekimbizwa dukani.

Dakika 40 kwa siku zinatosha. Wakiomba kuendelea, waendelee bila wewe.

Wito kwa bibi, na hadithi yao wenyewe

Siku mbili za mwisho ni za kusimulia. Kwa kipindi cha kobe nilimpigia mama yangu, yuko Muheza. Wajukuu wakamwamkia, "Shikamoo bibi," naye, "Marahaba mume wangu, marahaba mke mwenzangu." Nikamwomba atusimulie kwa nini gamba la kobe lina nyufa. Hakuuliza ni ya nini. Alituma ujumbe wa sauti mrefu: ndege walialikwa karamu mbinguni, kobe akaazima manyoya, akala peke yake kwa ujanja, wenyewe wakachukua manyoya yao, akaanguka. Watoto wakalinganisha na ya katuni: nani mjanja, nani ameadhibiwa, nani alimwunganisha kobe. Wakachora jedwali bila kuambiwa. Kisha wakataka kujua kama kobe anaweza kutoka kwenye gamba, na tukaona kwamba hawezi, kwa sababu limeungana na mbavu na uti wa mgongo wake.

Ya mwisho kabisa, kila mtoto atunge "kwa nini" yake kuhusu mnyama anayemwona kila siku, si wa mbugani. Aanze na "Hadithi! Hadithi!", asimulie mbele ya wote, kisha wenzake wamhukumu kwa swali lilelile la wiki nzima: je, ni kweli?

Mwanangu mdogo alichagua kunguru wa mtaani, mwenye kola ya kijivu. Kwa mujibu wake, kunguru alikuwa mweusi wote, akaiba skafu ya mwalimu mkuu, ikamgandia shingoni. Tulipiga makofi. Kisha dada yake, kwa sauti ya hakimu, akasoma alichokitafuta: kunguru hawa si wa kwetu, waliletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890 ili wale takataka za mji.

Mdogo akatazama dirishani, kwenye jalala la pembeni ya barabara, ambako walikuwa wamejaa.

"Sasa mbona hawajamaliza?"

Hilo ndilo lilikuwa swali letu la wiki iliyofuata.